Mume wangu dereva anasema kisikilizi cha sikioni kinatosha: je, ni salama kuzungumza naye akiwa njiani?

Mama Neema, Dodoma

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri katika jambo linaloninyima usingizi tangu wiki iliyopita, na ninamsihi kila atakayejibu aseme anachokijua, kwa kuwa ubishi wa kukisia tumekwisha kuufanya nyumbani vya kutosha.

Mume wangu anaendesha basi dogo la abiria kati ya Dodoma na Morogoro, kwenda na kurudi kila siku. Alhamisi iliyopita, mnamo saa tisa alasiri, nilimpigia simu nikijua fika kwamba yuko njiani anarudi. Nilichotaka kumuuliza ni kama angeweza kuninunulia gunia la mahindi akipita Kibaigwa. Akapokea. Tulikuwa katikati ya habari ya bei aliponyamaza ghafla, nikasikia breki zikilia, abiria wakipiga mayowe, na mtoto mchanga akalia muda mrefu baada ya wengine kutulia. Simu haikukatika. Nilibaki nimeishika jikoni, mboga ikiungua mbele yangu, nikimwita kwa jina lake bila kujibiwa, na mpaka leo siwezi kusema kama ilikuwa dakika moja au tano. Hatimaye akasema: "Ni ng'ombe. Tumepona. Nitakupigia."

Ilikuwa Pandambili. Kijana alikuwa akivusha kundi la ng'ombe, na basi lilisimama likiwa limemgusa mmoja wa mwisho ubavuni. Hakuna aliyeumia isipokuwa mama mmoja aliyejigonga paji la uso kwenye kiti cha mbele.

Mume wangu anasema simu haikuhusika. Kisikilizi kilikuwa sikioni, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele, na kwa maneno yake ng'ombe angekatiza hata kama ningekuwa nimelala. Anaongeza kwamba trafiki humsimamisha anayeshika simu mkononi, si yeye. Mimi sina elimu ya udereva, lakini kila nikikumbuka kwamba nilikuwa nikiulizia mahindi, moyo wangu unakataa maelezo hayo. Je, ni kweli kwamba kisikilizi kinaondoa hatari? Na kama si kweli, tufanye nini, ikiwa hata tajiri mwenye gari humpigia mara nne au tano kwa safari moja kuulizia idadi ya abiria, na asipopokea huambiwa ana dharau?

Mwalimu wa Udereva, Arusha

Dada Mama Neema, pole sana, na pole umfikishie pia yule mama wa paji la uso. Nimefundisha udereva kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ambalo wanafunzi wangu huliuliza wakiwa wamekwisha kujijibu wenyewe, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kuendesha gari kunadai vitu vitatu kwa wakati mmoja: macho, mikono na akili. Anayeandika ujumbe huviondoa vyote vitatu barabarani, na ndiyo maana uchunguzi uliofanywa Marekani na taasisi ya usafiri ya Virginia Tech, uliotangazwa mwaka 2009, ulikuta kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe yuko kwenye hatari ya ajali au ya kuikosa kidogo tu mara 23 zaidi ya asiyeandika. Anayezungumza kwa kisikilizi amerudisha mikono, na huenda macho pia yamerudi. Kilichobaki kwenye simu ni akili, na akili ndiyo inayoyaambia macho kwamba kile ni kivuli cha mti na hiki ni ng'ombe.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Kanada, walichukua madereva 699 waliopata ajali na waliokuwa na simu za mkononi, wakalinganisha saa za ajali na kumbukumbu za simu walizopiga na kupokea. Walikuta kwamba hatari ya kugongana iliongezeka takribani mara nne simu ilipotumika, na hawakuona kuwa waliotumia simu bila kuishika walikuwa salama zaidi ya walioishika. Shirika la Afya Duniani nalo hutaja makadirio hayo hayo ya mara nne, na linasema wazi kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa kuliko ile inayoshikwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walikwenda mbali zaidi. Waliwaweka watu kwenye mtambo unaoiga uendeshaji, wakawafuatilia macho yalipotua, huku wakizungumza kwa simu isiyoshikwa. Macho yalitua kwenye mabango ya barabarani kama kawaida. Walipoulizwa baadaye walichokiona, waliyakumbuka mabango hayo kwa uchache sana kuliko walipoendesha bila simu. Kwa hiyo mumeo hakudanganyi anaposema macho yake yalikuwa mbele. Naamini yalikuwa mbele. Jambo ambalo hawezi kulijua yeye mwenyewe ni muda ambao ng'ombe wale walikuwa mbele ya macho yake kabla hajawaona.

Sasa tuuweke muda huo kwenye mita. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi kwenye barabara kuu zetu, linakata mita 22 kila sekunde. Basi kubwa la mikoani lina urefu wa mita 12 hivi, kwa hiyo kila sekunde umepita karibu urefu wa mabasi mawili. Dereva aliye makini huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki, yaani mita 22 hadi 33 zimekwisha kwenda na gari halijaanza kupungua mwendo. Mwongezee sekunde moja tu ya kuchelewa kwa sababu alikuwa akitafakari bei ya gunia, umemwongezea mita 22. Kati ya kumgusa ng'ombe ubavuni na kulivaa kundi zima, mita 22 ni nyingi mno.

Tena akili hairudi barabarani papo hapo simu inapokatwa. Wakfu wa usalama barabarani wa AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ulionyesha mwaka 2015 kwamba, baada ya kutoa amri za sauti kwa simu au kwa mfumo wa gari, mabaki ya usumbufu yanaweza kudumu hadi sekunde 27. Kwa mwendo ule wa kilomita 80, sekunde 27 ni mita 600.

Bajaji wa Mwenge, Dar es Salaam

Mwalimu, nakuheshimu, na hesabu zako sina la kuzipinga. Ila naomba tusiongee kana kwamba dereva anapokea simu kwa kupenda. Mimi ninaendesha bajaji kwa programu ya kuita usafiri. Simu inalia, una sekunde chache za kukubali mteja, ukichelewa anapewa mwingine, na ukikosa wengi utakaa kijiweni siku nzima ukiitazama. Mteja akishakubaliwa anapiga kuuliza umefika wapi, na ramani nayo inakuelekeza kata kushoto. Mtu asipogusa simu, jioni anapeleka hesabu ya nini kwa mwenye chombo?

Swali langu la pili ni hili: abiria nyuma yangu huzungumza nami kutoka Mwenge hadi Kariakoo, na hakuna aliyewahi kusema hiyo ni hatari. Mazungumzo na abiria yana tofauti gani na mazungumzo ya simu?

Nakiri jambo moja, kwa sababu hapa tunazungumzia roho za watu. Kijiweni kwetu kuna vijana wa bodaboda wanaochomeka simu kati ya shavu na kofia ngumu ili waongee wakiwa kwenye mwendo. Mmoja wao, Machi iliyopita, simu ilichoropoka kwenye mataa, akainama kuidaka kwa mkono wa kulia, mkono wa kuongeza mwendo. Pikipiki ililala na abiria wake. Abiria alivunjika kifundo cha mguu, na alikuwa fundi cherehani anayekanyaga kwa mguu huo huo. Nilimbeba mimi kumpeleka hospitali, na njia nzima alikuwa akiuliza nani atamalizia sare za shule alizokwisha kulipwa.

Mzee Mstaafu wa Malori, Makambako

Binti yangu Mama Neema, na ninyi vijana wote, naandika jambo ambalo nimewaeleza watu watatu tu maishani.

Niliendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 22. Kitonga naijua kona kwa kona, na Mikumi najua ni saa ngapi za jioni tembo wanapenda kuvuka. Sikunywa pombe nikiwa kazini hata siku moja. Simu zilipoingia nilikuwa mtu mzima tayari, na tajiri wetu aliponinunulia kisikilizi nilijiona dereva wa kisasa.

Siku hiyo nilikuwa nimeshuka mlima, nipo kwenye kijiji cha nyumba zilizopangana pande zote mbili za barabara, alama ya 50 imesimama pale pale. Nilikuwa nikizungumza na mwanangu wa chuo kuhusu ada. Alikuwa akinieleza kwamba mwisho wa kulipa ni Ijumaa, nami nilikuwa nikijumlisha kichwani: posho ya safari, deni la duka, fedha iliyobaki kwa mama yake. Mbele yangu kulikuwa na mtoto wa kiume kwenye baiskeli, amefunga madumu mawili ya maji ya rangi ya njano kwenye kiti cha nyuma. Nawaambia kwamba nilikuwa nikimtazama. Rangi ya yale madumu iliingia machoni mwangu. Lakini haikuwa na maana yoyote, ilikuwa njano tu, kama vile mtu anavyotazama ukuta huku akiwaza mengine.

Utingo wangu alipiga kelele na kunipiga begani. Nilikanyaga breki, trela likaanza kunipita pembeni, na kona ya bampa ikashika gurudumu la nyuma la baiskeli. Mtoto aliruka mtaroni. Dumu moja lilipasuka, na maji yakatapakaa barabarani hadi chini ya matairi yangu. Aliinuka mwenyewe, akaenda kuliokota lile lililobaki, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Alikuwa na miaka tisa au kumi. Sikioni mwanangu alikuwa bado anasema, "Baba, unanisikia? Baba?" Sikuwa na sauti ya kumjibu.

Mumeo hasemi uongo, binti yangu. Hata mimi ningeapa mahakamani kwamba macho yangu yalikuwa barabarani. Lakini ile alama ya 50 mpaka leo siikumbuki kuiona, nami nilikuwa nimeipita mara elfu. Siku hizi mabasi yana mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wa kufuatilia mwenendo, dereva akizidisha mwendo unapiga kelele. Ni jambo jema sana. Ila akili ikitoka garini ikaenda kuhesabu ada, hakuna chombo kitakachopiga kelele, na si kila siku utakuwa na utingo mwenye macho makali pembeni yako.

Tangu siku ile simu yangu ilikaa kwenye kasha la dashibodi, imezimwa sauti, na funguo ya kasha aliishika utingo. Nyumbani walizoea. Niliwaambia: nikisimama Chalinze nitapiga, nikisimama Mikumi nitapiga, nikilala Makambako nitapiga. Wiki ya kwanza mke wangu alinung'unika, ya pili alianza kupika kwa kufuata simu zangu.

Mwalimu wa Udereva, Arusha

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kulisema.

Ndugu yangu wa Mwenge, swali lako la abiria ni zuri na limekwisha kuchunguzwa. Chuo kile kile cha Utah kililinganisha dereva anayezungumza na rafiki aliyekaa naye garini na dereva anayezungumza na rafiki kwa simu. Wa simu ndio walioendesha vibaya zaidi, na karibu nusu yao waliipita njia ya kutokea waliyoambiwa waingie. Rafiki aliye garini huiona barabara. Lori likijitokeza hunyamaza, tena mara nyingine yeye ndiye husema "angalia huyo". Anayekupigia simu yuko jikoni, haoni lori, na kimya chako hukitafsiri kuwa hujasikia, kwa hiyo huuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, wakati ule ule ambao ungehitaji utulivu. Hata hivyo abiria anayegombana nawe kuhusu nauli, au anayekuonyesha video, huyo hakusaidii, na unayo haki ya kumwambia asubiri.

Kuhusu programu, usiikubali safari ukiwa kwenye mwendo. Shusha abiria, egesha kabisa, kubali, tazama ramani na uishike njia kichwani, ndipo uondoke. Kishikizi cha simu mbele yako kina faida moja tu, kwamba huinami kuitafuta, na sauti ya ramani inatosha bila kukitazama kioo cha simu. Foleni na mataa visikudanganye pia, kwa maana hapo ndipo watoto na wauza maji hupita kati ya vyombo. Najua utapoteza wateja kadhaa kwa siku. Sitakuambia kwamba hutapoteza. Ila fundi cherehani uliyembeba alipoteza zaidi, na hakuwa ameshika simu.

Kwa wenye magari ya nyumbani nitasema kwa ufupi: simu nyingi za kisasa zina hali ya kuendesha, ambayo hunyamazisha milio, na baadhi humjibu anayekutafuta kwamba uko njiani. Iwasheni kabla ya kuwasha gari. Mtoto akilia kiti cha nyuma, msigeuke. Tafuteni mahali pa wazi pa kuegesha, pasipo kona wala mlima, muwashe taa za tahadhari.

Mwenye Matatu Mbili, Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Mama Neema, kati ya wote waliojibu mimi ndiye ninayefanana na yule tajiri wenu, kwa hiyo naona ninawajibika kusema.

Huku kwetu kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo faini ya shilingi 2,000. Nilijua hivyo, na bado nilikuwa nikiwapigia madereva wangu. Nilitaka kujua gari limefika wapi, limebeba wangapi, kwa nini lile lingine limelitangulia. Dereva asipopokea nilikuwa nikipiga tena na tena hadi apokee. Siku moja dereva wangu mmoja, mtu mpole ambaye hajawahi kunijibu vibaya, aliniambia ofisini akiwa amesimama: "Bosi, ukinipigia huwa naogopa kukosa kazi kuliko ninavyoogopa lori." Nilirudi nyumbani na maneno hayo na sikuweza kula.

Tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, maswali yote ya gari likiwa safarini yanaenda kwa kondakta, kwa simu ya kondakta, na dereva anayepokea simu akiendesha anakosa zamu ya siku inayofuata, hata kama aliyempigia ni mimi. Hicho kipengele cha mwisho alikisisitiza yule dereva, na alikuwa na haki. Pili, niliandika haya kwenye karatasi, nikatia sahihi yangu, na nakala ikabandikwa ndani ya kila gari juu ya mlango, mahali abiria anapoisoma akiingia. Faida ambayo sikuitarajia ni abiria. Zamani wangemwona dereva akiongea na simu wakanyamaza kwa hofu ya kutukanwa. Sasa wananyoosha kidole kwenye karatasi.

Hesabu ya jioni haikupungua. Ninayoyajua kupitia kondakta ni yale yale niliyokuwa nikiyajua kupitia dereva.

Mama Neema, Dodoma

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Mzee wangu wa Makambako, shikamoo. Ulichoandika nilimpa mume wangu akisome mwenyewe baada ya chakula cha usiku, sikutaka kumsomea. Alikisoma, akarudia tena, kisha akaniuliza kama ile habari ya Mwalimu ya sekunde 27 nimeielewa. Baada ya hapo akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema wiki nzima: kwamba konda wake alikuwa ameita "ng'ombe" mara mbili, na yeye aliisikia ile ya pili tu.

Tumekubaliana hivi. Simu yake inakaa kwenye mkoba wa nauli wa konda kuanzia stendi hadi stendi. Mimi simpigii kabisa. Yeye atanipigia kutoka Msamvu, stendi ya Morogoro, kabla ya kuondoka, na kutoka Gairo wanaposimama kula. Kukiwa na msiba au ugonjwa nitampigia konda, naye atamwambia gari likishasimama, hata ikibidi kusubiri nusu saa. Hilo la msiba limetuchukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu mama mkwe wangu ni mgonjwa, lakini tulikubaliana kwamba habari mbaya haipungui wala haiongezeki kwa nusu saa, na basi lina watu thelathini. Jana alinipigia kutoka Gairo saa nane na dakika kumi, injini ikiwa imezimwa, nikawasikia wauza karanga wakinadi nje ya dirisha.

Aliyebaki ni tajiri. Juzi mume wangu alijaribu kumgusia, akajibiwa kwamba konda si mtu wa kuaminiwa hesabu. Jumamosi watakwenda kwake wote wawili, dereva na konda, na mimi nimeomba kuwepo. Ndugu yangu wa Nakuru, naomba uniandikie hapa maneno ya karatasi ile kama yalivyo, pamoja na kile kipengele cha "hata kama aliyempigia ni mimi", ili tuyachapishe na kumpelekea yakiwa yameandikwa na mwenye magari mwenzake.